Kigae Kitupu

Mtu anayecheza Dola, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga nchi, kwa mara ya kwanza huweka mji mkuu pale pale alipotua. Ana haraka. Anaona mto, anaona kilima, anabonyeza, halafu baadaye anashangaa kwa nini miji yake ya mbali inamwasi. Mimi sijawahi kubonyeza zamu ya kwanza. Natuma mpelelezi, nazunguka, wapinzani wananicheka kwa kupoteza muda, na mara nne nimeondoka na kombe. Ndiyo sababu Shirikisho lilinichukua. Wanasiasa walikuwa wamegombania mji mkuu mpya miaka mingi, kila mmoja akiuvutia kwao, mpaka wakachoka na kupitisha sheria kwamba uwekwe na mchezaji mmoja, ambaye kwao hakumo kwenye ramani ya vigae vinavyoshindaniwa. Akishashusha pini, hakuna rufaa.

"Kimewaka kijani tangu asubuhi," alisema Bi Kokugonza. "Unasubiri nini?"

Bi Kokugonza alikuwa Mratibu wa Ubao, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ya upole na subira fupi. Tulikuwa tumesimama wawili tu juu ya Ubao wenyewe, katika ukumbi mkubwa kando ya ziwa, viatu tumeviacha mlangoni. Chini ya nyayo zetu nchi ilikuwa imetandazwa vigae kwa vigae, kila kimoja kikionyesha ardhi kama ilivyo saa ile ile. Ndege wadogo wasio na rubani waliisoma mchana kutwa: maji yaliyo chini, udongo, mawe, joto la majiko, simu zilizowashwa, na nyayo. Hasa nyayo. Ubao hauiamini sensa, kwa kuwa sensa hudanganywa. Mahali pasipokanyagwa kwa misimu miwili unapahesabu kuwa patupu.

Kilichowaka kilikuwa bonde la Mwabusalu.

"Maji?" niliuliza.

"Chemchemi tatu, na hazikauki."

"Wajenzi watamaliza lini?"

"Miezi minane."

Wajenzi ni mashine. Pini ikishuka wanatoka ghalani wenyewe, wanachimba mitaro, wanalaza mabomba, wanasimamisha kuta kwa udongo wa pale pale. Kundi lao ni moja tu nchi nzima, na kwa sheria linaanza na mji mkuu. Kwa hiyo popote nitakapoweka pini ndipo maji na nyumba vitakapokuja kwanza, na kwingine kote kutasubiri.

"Na kigae cha pili kwa ubora?"

"Igwata. Kilima cha mawe matupu, maji yavutwe kutoka mbali. Miaka miwili na nusu, tena tukijaliwa."

"Mwabusalu kuna watu wangapi?"

"Hakuna mtu. Sifuri."

Hiyo sifuri ilinikera. Nikachuchumaa. Kilikuwa kiangazi kikali, na vigae vyote vya jirani vilikuwa vimeliwa na mifugo hadi mizizi, vumbi tupu, lakini bonde lile lilikuwa na majani ya kufika kiunoni. Nikaufuata ukingo wake kwa kidole. Majani yalikwenda sawasawa, yakafika mahali, yakakata kona.

"Bi Koku," nikasema, "majani hayajui kukata kona. Hii ni ngitili."

"Neno hilo nimewahi kulisikia."

Mimi nilikuwa nimefanya zaidi ya kulisikia. Nilizaliwa Mji wa Kale, mji mkuu wa pwani unaotakiwa kuhamwa, lakini baba yangu alikuwa Msukuma wa mbali, nje kabisa ya vigae vile, na kila likizo tulipelekwa kwao. Ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zikianza mifugo inatolewa, na hakuna anayetia mguu mpaka kiangazi kikomae na kwingine kumekwisha. Nyingi hufunguliwa kila mwaka. Zile za akiba kubwa hukaa zimefungwa hata miaka, zikisubiri mwaka mbaya. Hakuna ua wala bango. Kuna makubaliano tu, na faini, na aibu ya kusemwa na vijiji vyote.

Nilimweleza hayo. Akasikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu.

"Kwa hiyo watu hawapo," akasema.

"Hawapo kwa sababu wamekubaliana wasiwepo. Kadiri wanavyolitunza bonde ndivyo mashine yenu inavyoona halina mwenyewe."

"Nyanzobe." Alitamka jina langu polepole. "Mji wa Kale kuna watu laki nne, na bahari imeingia visimani. Tunazika watoto. Kaka yako yuko kule. Ni nani atakayemweleza habari za kona ya majani?"

*

Nilimpigia kaka yangu Ndaki mwenyewe. Alikuwa mchukuzi bandarini, bandari ikafungwa, na sasa aliishi hemani na mkewe na mapacha wao kwenye uwanja wa ndege wa zamani, pamoja na nusu ya mji. Maji yao yaliletwa na malori, ndoo moja kwa kila hema, na siku nyingine malori hayakuja.

"Mdogo wangu! Hapa wanasema umepata bonde."

"Nani anasema?"

"Kila mtu. Wamekwisha kugawana viwanja kwa mdomo. Jirani yangu hapa keshachagua kona ya duka lake, na mwingine anamgombeza kwamba kona ile ni yake. Wamenuniana tangu jana." Akacheka, kisha sauti yake ikashuka. "Doto anaharisha tena. Kulwa amepona, lakini Doto hakai na kitu tumboni."

"Daktari je?"

"Daktari anasema apewe maji safi. Nikamwambia ahsante, hilo nilikuwa silijui."

Mapacha wale walikuwa na miaka sita, na Doto ndiye aliyefanana na mama yetu.

"Kaka, bonde lina wenyewe."

"Wako wangapi?"

"Vijiji saba vinalizunguka, nimevihesabu kwenye Ubao."

"Na sisi tuko wangapi?" Akaniachia nipige hesabu mwenyewe. "Nyanzo, wewe tangu utoto hujui kushindwa, hata bao ulikuwa unatuchezea rafu. Shinda basi na safari hii."

Usiku ule sikuonja chakula. Niliogopa, na sioni haya kusema. Katika Dola watu ni tarakimu ndogo pembeni ya mji, zikipungua unajenga ghala, zinapanda tena. Sikuwahi kucheza na tarakimu inayoitwa Doto.

*

Sheria ya Ubao inampa mchezaji zamu moja ya upelelezi kabla ya pini. Walioiandika walifikiria ndege, lakini hawakuandika ndege. Nikamwambia Bi Kokugonza kwamba mpelelezi wangu ni mimi.

"Watakuhonga," akasema. "Watakupa mbuzi."

"Nitamkataa mbuzi."

"Utakataa mbuzi lakini utakula ugali wao, na ukishakula umekwisha."

Hata hivyo alinipa gari na dereva, na mwenyewe akanifungia maji ya njiani.

Mwenyekiti wa kamati ya ngitili ya Mwabusalu aliitwa Lutonja Sayi. Nilimkuta nje ya nyumba yake ya bati, mtu wa makamo, mikono imejaa grisi, akiifungua pampu iliyokataa kufanya kazi. Nilimsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye akaitikia bila kuinua kichwa, halafu akainua, akanitazama kuanzia kwenye viatu.

"Wewe ndiye mwenye wale wadudu wa angani?"

"Ni wa serikali."

"Tulidhani wanapiga picha za harusi. Wanapita kila siku, na sisi huku hatuna harusi."

Nilimweleza nilichokuja nacho. Hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliosha mikono, akavaa shati, akanipeleka kwa miguu hadi ukingoni mwa bonde. Upande tuliosimama ardhi ilikuwa ngumu na ng'ombe waliokonda walikuwa wakilamba vumbi. Hatua moja mbele majani yalikuwa yakiinama kwa upepo, na nilisikia maji. Nikainua mguu. Lutonja akanishika mkono, tena kwa nguvu.

"Faini ni ng'ombe dume."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako. Watoto wangu mwenyewe hawajaonja maziwa mwezi huu, na bonde hili wanaliona kila asubuhi. Kwa nini uingie wewe?"

Kesho yake iliitishwa dagashida, ndiyo mkutano wao mkubwa wa vijiji vyote, wanawake kwa wanaume, na neno linalotoka hapo hakuna kiongozi anayelipindua. Nilisimama nikawaambia kila kitu. Niliwaambia habari za pini. Niliwaambia kuhusu Mji wa Kale na mahema na visima vyenye chumvi. Niliwaambia pia kwamba kwa sheria sihitaji ruhusa yao, na kwamba naweza kubonyeza hata wakikataa. Hapo palizuka kelele, na mzee mmoja akataka nirudishwe garini saa ile ile.

"Sasa umekuja kufanya nini?" aliuliza Lutonja.

"Kuuliza."

"Na tukisema hapana?"

"Sijui. Kweli sijui."

Walibishana mpaka jua likakaa upande wa pili. Kuna waliosema watu wa mjini wameharibu kwao na sasa wanataka kuharibu na huku. Kuna aliyetaka kila kijiji kipewe hospitali, mwingine akamzomea kwamba anauza nyasi za wenzake. Ndipo akasimama Bi Ngolo, mjane aliyekuwa mwekahazina wa kamati, mwanamke mwembamba mwenye kikohozi, akaniuliza swali moja.

"Hao watoto wa huko, leo wamekunywa nini?"

Nikamwambia ninachojua, nikamtaja na Doto kwa jina. Baadhi ya waliokuwa wamesimama wakipinga walikaa. Bi Ngolo yeye hakukaa.

"Ngitili huwa tunaifungua," aliwaambia wenzake, si mimi. "Tunaifungulia nani? Tunafungulia ndama. Tunafungulia ng'ombe anayenyonyesha, na mgonjwa. Madume yenye nguvu yanabaki nje yanahangaika, mvua ikinyesha yananenepa. Si ndivyo? Basi mji huo una ndama. Ndama waje, na mama zao, na wagonjwa. Bunge lisije."

Watu walicheka, hata yule mzee wa kunirudisha garini. Lakini kicheko kilipoisha walianza kupanga masharti kwa uzito kabisa. Hakuna ukuta utakaojengwa. Wajenzi wasikanyage. Wageni watakaa kwenye nusu moja ya bonde, na nusu ya pili itangoja ng'ombe. Mji mkuu ukikamilika huko utakakokamilika, wageni watoke, na ngitili ifungwe upya. Na kwa kuwa kila mtu mjini angejiita mgonjwa, waliweka kipimo chao: anayeweza kubeba ndoo iliyojaa kutoka chemchemini mpaka mpakani bila kuitua, huyo ana nguvu na atabaki nje.

Nilipokuwa naondoka Lutonja alikuja mpaka kwenye gari.

"Mwaka huu nitapoteza ng'ombe," alisema. "Nusu ya bonde haitoshi. Nimekwisha kuwajua hata watakaokufa."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Nilisema. Bi Ngolo alinishinda." Akaugonga mlango wa gari kwa kiganja. "Sikufurahi, usiende kusema huko kwamba tulifurahi."

*

"Robo," alisema Bi Kokugonza. Tulikuwa tena juu ya Ubao, miguu mitupu. "Ndoo yao itaingiza robo ya watu. Robo tatu watabaki kwenye mahema mpaka Igwata iishe. Ukiweka pini Mwabusalu, wote laki nne wanakunywa baada ya miezi minane, na wale ndama wako wamo. Wafugaji tutawalipa, tena vizuri. Nieleze kosa langu liko wapi."

Hapakuwa na kosa, na hilo ndilo lililonisumbua njia nzima. Vijiji saba kwa mji mzima. Mchezaji yeyote angebonyeza.

Lakini kuna jambo moja ambalo wachezaji wazuri hulijua na wanasiasa hawakulijua walipoandika sheria. Mji mkuu hauishii kuwa mji. Katika Dola, na Ubao umetengenezwa kwa mfano wake, pini ya kwanza ndiyo inayoifundisha mashine. Unachokichagua mwanzo inakisoma kuwa ndicho unachokipenda, na miji inayofuata inaiweka yenyewe, bila kukuuliza, mahali panapofanana na pale. Sheria ilikuwa imeukabidhi Ubao miji kumi na miwili ya baadaye.

"Nipe mchezo wa mbele," nikasema. "Jaribio tu. Pini Mwabusalu, halafu uendelee."

Bi Kokugonza akaamuru. Bonde likawaka, barabara zikatoka, kisha kigae kingine kikawaka upande wa mashariki, na kingine kusini, na kingine. Nilitembea toka kimoja hadi kingine, nikachuchumaa kwenye kila kimoja. Majani marefu katikati ya vumbi. Kona. Cha tatu hakikuwa malisho, kilikuwa msitu mdogo wenye miti mikubwa kupita yote ya jirani, na watu: sifuri. Cha tano kilikuwa ukingo wa mto ambako hakuna aliyevua samaki kwa misimu miwili, na samaki walikuwa wamejaa.

"Huo msitu naujua," alisema Bi Kokugonza. Alikuwa amenifuata nyuma. "Unapakana na kwetu. Hapo tunazikia." Kisha akakumbuka cheo chake. "Watu hawaingii ovyo."

"Ndiyo maana umewaka."

Alikaa chini sakafuni, na mimi nikakaa. Tulikuwa tunatazama mashine ikitafuta kila mahali ambapo watu wa nchi hii waliwahi kujizuia, na kupaita patupu. Ingewamaliza wote waliojinyima, na kuwaacha wale waliokula chao mapema. Nikafikiri pia juu ya Ndaki. Nilifikiri juu ya wanaume na wanawake wenye mikono mizima watakaogombea lori la maji kwa miaka miwili na nusu, na kwamba baadhi yao hawatafika, na kwamba mimi nitakuwa nimewachagua. Nililia pale sakafuni kama mtoto. Bi Kokugonza hakuniambia ninyamaze.

Halafu nikainuka nikatembea hadi Igwata, nikashusha pini juu ya mawe.

Ubao ulitoa mlio mmoja mfupi. Ghalani, mbali na pale, wajenzi walianza kutoka.

Bi Kokugonza alifuta uso kwa ncha ya khanga aliyojitanda begani. "Mabasi ya kuwapeleka ndama nitayapata wapi," alisema, akijiuliza mwenyewe, na hapo hapo akaanza kuhesabu kwa vidole nani anayedaiwa fadhila na ofisi yake. "Na kibali cha kukaa Mwabusalu? Wizara itataka kibali."

"Kwa mujibu wa Ubao pale hapana mtu. Uombe kibali kwa nani?"

Akanitazama, akaguna, akaenda kuvaa viatu.

*

Nilimpigia Ndaki kabla redio hazijatangaza. Sikutaka asikie kwa mwingine.

"Igwata," alirudia. "Igwata ndiyo wapi?"

Nilimweleza. Nilimweleza kuhusu bonde, mkutano, ndoo. Nilimwambia Kulwa na Doto na mama yao waanze kufunga mizigo, mabasi ya kwanza yanaondoka wiki hii, na kule kuna chemchemi tatu.

"Na mimi?"

"Ndoo iliyojaa unaibeba?"

"Mbili. Unajua nabeba mbili."

"Basi unabaki, kaka."

Nikasikia nyuma yake mtu akiita majina, na mtoto akilia. Halafu alisema maneno ambayo sitayaandika. Mengine yalikuwa ya hasira tu. Mengine yalikuwa kweli: kwamba ningeweka pini bondeni sote tungekunywa, kwamba nimewahurumia ng'ombe wa watu nikamwacha ndugu yangu, kwamba wanawe watakua bila kumwona. Sikumkatiza. Nilimwambia najua, na yeye akasema sijui kitu.

"Wewe je?" akauliza mwishoni. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Na wewe uko kundi gani, Nyanzo? Ndoo unaibeba?"

Nilikuwa jikoni kwenye nyumba niliyopewa na Shirikisho. Nina miaka thelathini na minne, magoti mazima, mgongo mzima. Bomba lilikuwa wazi, nilikuwa nimelisahau, na maji yalikuwa yakimwagika juu ya vyombo. Nikalifunga.

"Naibeba."

"Haya."

"Nishikie nafasi kwenye foleni ya maji," nikamwambia. "Nakuja."